Muda Wangu, Jina la Kaka

Kitu cha kwanza nilichokiona ni soksi.

Kaka alirudi kazini Jumatatu, hakunawa, hakusalimia, hakuuliza jikoni kuna nini. Alikaa kwenye kochi, akatoa soksi mpya nyeupe kwenye mfuko wa karatasi, akazivaa palepale. Akanyoosha miguu, akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia.

"Zinakaaje?" akaniuliza.

"Vizuri."

"Zitaonekana kwenye kamera?"

Nikasimamisha sindano.

Kwa ambaye hakuwa nami wiki zilizopita, nimsogezee kiti kidogo, maana si vizuri mtu acheke jambo asilolijua.

Niliacha shule darasa la tano. Tangu hapo nashona na shangazi yangu, fundi cherehani, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Tunaishi watatu: shangazi, mimi, na kaka yangu, mwalimu wa udereva. Wanafunzi wake wanamwita Indiketa, kwa kuwa ndilo neno analolipigia kelele kutwa. Mimi nyumbani naitwa Kimya. Sababu sina haja ya kuieleza.

Ofisini kwao walipopata kompyuta mpya, kaka akapewa moja kati ya zile kuukuu. Akatafuta usukani wa mtumba, ule wa kubana kwenye ukingo wa meza, pamoja na pedali zake za kuweka chini, akaingiza gemu ya mashindano ya magari. Kompyuta ikakohoa. Gari lilikuwa linakwenda kwa vipande: uko hapa, mara uko ukutani, katikati hukuona kitu. Niliwaeleza jinsi nilivyoifungua na kuitoa vumbi kwa brashi ya cherehani, na jinsi tulivyozima vivuli, mawingu, watazamaji na majani ya miti, mpaka barabara ikabaki ya kijivu tupu kama kitambaa ambacho hakijapigwa chaki. Ndipo ikakimbia.

Niliwaeleza pia nilivyoanza mimi mwenyewe, kwa siri, kaka akiwa kazini. Mguu wangu ulizoea cherehani ya umeme. Cherehani ukiinua mguu, inasimama. Ukitaka isimame upesi zaidi, unaweka kiganja kwenye gurudumu lake la kulia. Basi kwenye kona ya kwanza niliinua mguu, nikapapasa hewani upande wa kulia. Gari likaendelea na safari zake. Wiki nzima niligonga ukuta uleule, mkono nimeunyoosha kama naomba sukari.

Lakini hakuna fundi aliyeanza na mshono ulionyooka. Nilipoijua breki, nikazipa kona majina yangu mwenyewe. Ile ya duara pana ni Shingo. Ile inayojikunja ghafla ni Kwapa. Zile tatu zinazofuatana, kushoto, kulia, kushoto, ni Marinda. Ya mwisho kabla ya kumaliza ni Pindo. Nguo naifahamu. Barabara ikawa nguo.

Halafu likaja balaa la wiki iliyopita. Shindano la walimu wa vyuo vya udereva: kila mmoja anaendesha akiwa kwake, muda wake unawekwa kwenye orodha. Kaka aliendesha, akakasirika, akazima skrini badala ya kuzima kompyuta, akaenda kazini. Mimi nikawasha skrini, nikakaa, nikaendesha. Muda wangu ukaingia kwenye orodha kwa jina lake. Kati ya walimu sitini na mmoja, kaka akawa wa nne.

Na ubaya ni kwamba aliamini.

"Ile raundi ya mwisho niliisikia mwilini," alimwambia kila aliyempa mkono.

Sasa soksi.

"Kamera gani, kaka?" nikauliza.

"Fainali ni Jumamosi, saa kumi jioni. Tumebaki wanane. Kila dereva anaweka simu chini ya meza, inaonyesha miguu yake muda wote. Picha tu, bila sauti. Wanasema kuna watu wanaendeshewa." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Dunia imeharibika, mdogo wangu."

Nilikuwa napachika kifungo. Nikajichoma.

"Na mkuu wa chuo anakuja hapa nyumbani," akaendelea. "Yeye mwenyewe. Chuo kinafungua chumba cha kompyuta, mwanafunzi ajifunze kona kabla hajaparamia ukuta wa watu. Mkuu anatafuta wa kukiongoza hicho chumba. Miaka kumi na moja nimekaa kiti cha abiria nikikanyaga breki kwa makosa ya wengine! Nikifanya vizuri Jumamosi, chumba ni changu. Amesema hivyohivyo."

Shangazi hakuinua macho kwenye mashine. "Na ukifanya vibaya?"

"Shangazi, nitafanyaje vibaya? Mimi ni wa nne."

Shangazi akanitazama mimi. Nikatazama kifungo.

Jumanne jioni kaka akakaa kufanya mazoezi, sisi wawili nyuma yake. Jamani. Kaka yangu ni mwalimu mzuri wa udereva, na hilo ndilo lililomwangusha. Alianza kwa kurekebisha kioo ambacho hakipo. Akaendesha upande wake wa barabara. Gari la nyuma lilipokaribia, akasogea pembeni.

"Kaka, mbona umempisha?"

"Ana haraka yule. Mtu mwenye haraka mpishe, utamkuta mbele kalala mtaroni."

Hakumkuta mtaroni. Alimkuta amemaliza.

Muda wake ulikuwa nyuma ya ule wa kwenye orodha kwa sekunde kumi na tisa. Akarudia. Ishirini na moja. Akarudia. Gari likapata ajali, likageuka nyuma.

"Ni hii kompyuta," akasema. "Imezeeka. Inanila muda."

"Masikini kompyuta," shangazi akasema. "Haina hata mdomo wa kujitetea."

Asubuhi yake, kaka alipotoka, shangazi alizima cherehani yake. Kimya kikaingia chumbani kama mgeni.

"Binti, kila siku saa nne mashine yako inanyamaza. Unasema unakwenda uani. Halafu naanza kusikia gari linanguruma ndani ya nyumba yangu. Unadhani mimi kiziwi?"

Nikaokota uzi sakafuni.

"Mwambie kaka yako."

"Siwezi, shangazi."

"Mdomo wako kaushona nani? Mimi sikuushona."

"Atavunjika moyo."

"Jumatano atavunjika mbele ya shangazi yake. Jumamosi atavunjika mbele ya bosi wake. Chagua."

Nilichagua njia ya uani, yaani njia ya mwoga. Nikasema moyoni: sitamwambia, nitamfundisha.

Alhamisi nikasimama nyuma ya kiti chake. "Kaka, hii kona hapa... usiikate kama unakata karatasi. Ni kama kwapa la gauni. Ukiingia kwa haraka, utavuta kitambaa chote. Ingia polepole, ukifika katikati ndio uachie."

"Wewe unajuaje?"

"Naangalia tu."

Akajaribu. Akapunguza sekunde mbili. Akafurahi kama mtoto, akaniambia nina jicho. Kisha akafika Marinda, akatafuta indiketa, akaenda kuishia kwenye nyasi.

Ijumaa hakufanya mazoezi hata kidogo. Hakumaliza chakula. Nilimwona amekaa mbele ya skrini, hashiki usukani, anatazama tu. Nikajua amekata tamaa, nikajiona mchawi.

Jumamosi saa nane mchana akaniita.

"Kimya. Njoo. Funga mlango."

Nikafunga.

"Gemu hii inahifadhi marudio," akasema. "Mtu anaweza kuiangalia raundi yake tena. Tangu jana naiangalia ile raundi iliyoniweka wa nne." Akaonyesha chini ya skrini, kulikuwa na mistari miwili inayopanda na kushuka. "Huu wa kijani ni mguu wa mafuta. Huu mwekundu ni breki. Mimi kazi yangu ni miguu, unajua? Watu wanadhani mwalimu anaangalia barabara. Mwalimu anaangalia miguu. Nikionyeshwa mguu, nakutajia mwanafunzi."

Nikaanza kuvunja vidole.

"Huyu dereva hakanyagi. Anagusa. Gusa, gusa, achia. Gusa, gusa, achia. Nikajiuliza, huu mdundo nimeusikia wapi? Jana jioni nimejilaza, nikausikia unapita ukutani. Ulikuwa unashona sketi."

Ningepata shimo ningeingia na kufukia mwenyewe.

"Umenizidi sekunde kumi na tisa," akasema.

"Kumi na nane na nusu," nikasema. Sijui ilinitokaje.

Nilingoja makelele. Kaka akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kama cha mtu aliyekanyaga mwiba mbele za watu.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Na nimeringa ofisini mpaka kwa mlinzi. Mpaka mlinzi nimemwelezea ile kona!" Akajifuta uso. "Kwa nini hukusema?"

Nikainua mabega.

"Ilikuwa bahati mbaya, siyo? Ulikuwa unachezea tu, muda ukaenda?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Ni rahisi kukubali unachowekewa mdomoni.

"Basi." Akasimama, akaenda mlangoni, akarudi. "Mkuu anafika saa tisa na nusu. Siwezi kumwambia leo. Nikimwambia leo, chumba kimekwenda, na jina limekwenda, nitaitwa mwongo mpaka nistaafu." Akavua soksi. Akaninyooshea. "Vaa."

"Kaka!"

"Kamera inaona miguu. Haioni uso. Vaa, mdogo wangu. Nakuomba."

Mwalimu wa udereva aliyesikitikia dunia Jumatatu, Jumamosi alikuwa amepiga magoti ananikunjia suruali yake. Ilinizidi shibiri nzima. Nikaipandisha kwa pini. Soksi zikawa kubwa, kisigino chake kikakaa juu ya kifundo cha mguu. Shangazi alichungulia, akashika kiuno.

"Mimi nilisema mseme ukweli," akasema. "Sikusema mshonee uongo suruali."

"Shangazi, tafadhali. Mkuu akija, mweleze dereva hasemeshwi."

"Nitamweleza. Na Mungu akiniuliza, nitamweleza pia."

Mkuu wa chuo akafika. Nilimsikia tu, sauti nzito, mtu wa kugonga sakafu anapotembea. Shangazi akamketisha chumba cha mbele, akampa maji. Kaka akatoka kumsalimia, akarudi haraka, akaurudishia mlango tu. Ufunguo wa chumba kile ulipotea siku nyingi. Akasimama pembeni ya meza, nje ya kamera, na kipande cha boksi mkononi. Kazi yake ilikuwa kuipepea kompyuta isipate joto.

Saa kumi kamili, taa za kuanzia zikazimika kwenye skrini, magari yakaondoka.

Raundi kumi. Nilianzia nafasi ya nne, na kwenye Shingo nikawa wa sita, maana wanaume wale walitoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa. Kisha nikasikia mguu wangu. Gusa, gusa, achia. Nikaacha kuona magari, nikaona nguo.

Raundi ya tatu nikawa wa tano. Raundi ya sita nikawa wa tatu.

"Mpishe," kaka akanong'ona. "Huyo wa kushoto, mpishe!"

"Kaka, nyamaza."

Akanyamaza. Miaka yote ile, ndiyo mara yangu ya kwanza kumwambia mtu anyamaze.

Raundi ya nane kompyuta ikaanza kutoa harufu ya pasi. Picha ikasita, gari likaruka kipande. Kaka akapepea mpaka nywele zangu zikasimama. Raundi ya tisa nikawa wa pili. Kupitia ukutani nilimsikia mkuu, ambaye alikuwa anaangalia kwenye simu yake, anapiga paja: "Indiketa! Indiketa huyo!"

Raundi ya kumi. Mbele yangu gari moja tu, jekundu. Tukaingia Kwapa pamoja. Yeye akaingia kwa haraka, akavuta kitambaa chote. Mimi nikaingia taratibu, katikati nikaachia.

Nikatoka wa kwanza.

Nikasikia hatua. Nikasikia shangazi: "Mkuu, dereva hase—"

Mlango ukafunguka. Mtu mzima yule hakuwa amekuja kuchunguza. Furaha ilimzidi, alikuja kushangilia. Mikono ilikuwa tayari hewani.

Ikabaki hewani.

"Indiketa," akasema polepole. "Wewe uko hapo."

"Mkuu," kaka akasema, boksi mkononi.

"Na huyu aliyevaa suruali yako ni nani?"

"Mdogo wangu. Mkuu, tumbo lilinibana ghafla, nikamwambia anishikie kidogo tu."

Mkuu akatazama skrini. "Anakushikia nafasi ya kwanza?"

Sikugeuka. Marinda yalikuwa yanakaribia, na gari jekundu lilikuwa limeninusa mgongoni.

"Ile nafasi ya nne," mkuu akauliza, na sauti yake sasa haikuwa na furaha hata chembe. "Ule muda niliousifu mbele ya walimu wote. Ulikuwa wa nani?"

Kompyuta ilikuwa inanguruma, na hakuna mtu aliyeipepea.

Kaka akaweka boksi chini. Halafu akafanya jambo alilodhani ni la kunikinga. Sina chuki naye kwa hilo, nataka mlijue.

"Ilikuwa makosa, mkuu. Huyu hakusoma, aliishia darasa la tano. Skrini imejaa maandishi, akabonyeza asichokijua. Muda ukaenda kwa bahati mbaya. Msamehe tu, hakuelewa."

Nikaingia Marinda. Kushoto.

Maneno yale ni blanketi nililofunikwa tangu utoto. Hakuelewa. Hakusoma. Msamehe. Lina joto, na ukikaa chini yake hakuna anayekuuliza kitu. Wageni wakija nasema karibu, wakiondoka nasema asante, na katikati nashona.

Kulia.

Nilijua nikinyamaza, kaka huenda akasalimika. Mkuu angecheka, angesema ah, mtoto wa watu kabonyeza tu. Nikisema, chumba cha kompyuta kimekwenda, na jina la kaka limekwenda nacho. Nilijua yote hayo.

Kushoto. Limebaki Pindo peke yake, na gari jekundu lilikuwa ubavuni mwangu.

Hata ninyi sikuwaambia. Wiki iliyopita niliandika kwamba muda uliingia kwenye orodha, kama vile muda una miguu. Hauna.

"Mzee," nikasema, macho yangu kwenye barabara, na sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyoitegemea. "Sikukosea. Ukurasa uliuliza, 'Tuma muda huu?' Juu kulikuwa na jina la kaka. Nilisoma neno kwa neno, nimeweka kidole. Nilikaa dakika nzima, naweza kusoma nikipewa dakika. Halafu nikabonyeza ndiyo. Ulikuwa muda wangu, na nilitaka mtu auone."